Nimemaliza kwantamu, lakini uga umenishinda ukurasa wa 17

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia nikiwa na madaftari mawili mezani. Moja limejaa hadi jalada la nyuma, jingine halijavuka ukurasa wa kwanza. Lililojaa ni la mekanika ya kwantamu. Nimesoma kozi mbili na nikafaulu vizuri: chembe ndani ya kisanduku, chembe kupenya kizuizi, spini, atomu ya hidrojeni, yote nimeyapitia. La pili ni la nadharia ya uga wa kwantamu, na huko ndiko nilikokwama.

Nilifika ukurasa wa 17 wa kitabu. Hapo mwandishi anaandika φ(x), yaani uga penye mahali x, anasema hiyo sasa ndiyo opereta, ile alama ya kihisabati inayowakilisha kitu kinachopimika, na kwamba x si opereta tena bali ni lebo tu. Sentensi hiyo nimeirudia mpaka naiona usingizini. Muda wote nimefundishwa kwamba x ni opereta, nikaamini, nikajibia mtihani. Leo naambiwa ni lebo! Na funksheni ya wimbi, ambayo nilidhani ndiyo moyo wa kwantamu yote, haionekani tena popote. Imekwenda wapi?

Nikamwuliza kaka mmoja aliyenitangulia masomoni. Akaniambia bila nadharia ya makundi, topolojia, jiometri diferenshali na uchambuzi wa funksheni nisijisumbue. Nikaandika orodha. Kila nilipouliza mtu mwingine orodha ikaongezeka, sasa ina masomo tisa. Miezi kumi na minne imepita na niko kwenye somo la pili. Dada mmoja tuliyesoma naye darasa moja yeye anacheka orodha yangu. Anasema niruke moja kwa moja kwenye michoro ya Feynman, ile ya kuonyesha migongano ya chembe kwa mistari, nianze kukokotoa, nitaelewa mbele ya safari. Nikajaribu. Michoro nikaichora vizuri tu, lakini sikujua kwa nini mstari mmoja ugeuke kuwa sehemu yenye p² − m² chini yake, tena na kitu kidogo kinachoitwa iε kimebandikwa pembeni kama kiraka.

Kozi yenyewe inaanza baada ya miezi sita. Nisikufiche pia, Mwalimu: kwenye kwantamu mazoezi mengi niliyasoma majibu yake nikayaelewa, sikuyafanya yote. Mekanika ya Lagrange nilipata C na nimeisahau. Nadharia mahususi ya uhusianifu tuliisoma wiki mbili mwaka wa kwanza. Sijui kama hayo yanahusika.

Niendelee na orodha, au niruke? Au niseme tu ukweli kwamba kichwa changu si cha mambo haya?

Ni mimi,
Niliyekwama Ukurasa wa 17

*

Marahaba, mwanangu.

Unanikumbusha mgonjwa anayemweleza daktari habari za mafua kwa nusu saa, halafu akiwa ameshashika kitasa cha mlango anageuka: "Eti, na kifua kinanibana kidogo, sijui kama kinahusika." Orodha ya masomo tisa ndiyo mafua. Kifua umekitaja mwishoni: Lagrange umeisahau, uhusianifu uliupitia wiki mbili, na mazoezi uliyasoma kama mtu asomavyo habari za mechi. Nitarudi hapo. Kwanza tuanze na x, maana swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Katika mekanika uliyoisoma, mahali na wakati havikupewa haki sawa. Mahali ni opereta. Wakati si opereta, ni saa ya ukutani tu inayokuambia unaitazama hali lini. Hukuwahi kulalamika juu ya t, na wala sikumbuki mwanafunzi aliyewahi. Sasa uhusianifu wa mwaka 1905 unasema mahali na wakati huchanganyika: mtu anayepita mbele yako kwa kasi kubwa hugawa x na t tofauti na unavyogawa wewe. Ikiwa vitu viwili vinaweza kuchanganyika, huwezi kumpa mmoja cheo cha opereta na mwenzake ukamwacha lebo. Ama umpandishe t, ama umshushe x. Kumpandisha t kuna mikosi yake. Nadharia ya uga inamshusha x. Anakuwa vile t alivyokuwa siku zote: anwani. Kinachofanyiwa kwantamu ni kile kinachokaa kwenye anwani hiyo.

Hayo bado ni maneno, na maneno yameshakushinda ukurasa wa 17. Chukua kalamu.

Weka shanga mbili kati ya kuta mbili. Ukuta, springi, ushanga, springi, ushanga, springi, ukuta. Kila ushanga una tungamo m, kila springi ina ugumu κ. Ushanga namba 1 umesogea kiasi cha q₁ kutoka pale ulipotulia, namba 2 umesogea q₂. Andika nishati, andika milinganyo ya mwendo, tafuta mitindo ya kutetemeka. Utapata miwili: shanga zikienda pamoja, ω² = κ/m; zikienda kinyume, ω² = 3κ/m. Jambo la ajabu, ambalo wengi hulipita bila kusimama, ni kwamba ukiandika nishati yote kwa lugha ya mitindo hiyo miwili badala ya q₁ na q₂, unabaki na osileta mbili zisizojuana kabisa. Na osileta unaijua. Kila moja ina ngazi zake, (n + ½)ħω.

Sasa jiulize: katika hesabu hiyo, opereta ilikuwa nini? Ilikuwa q₁ na q₂. Je, 1 na 2 zilikuwa opereta? Hasha. Zilikuwa namba za shanga, za kukuambia unamzungumzia nani. Ongeza shanga ziwe kumi, ziwe elfu, zisogeze karibu karibu mpaka huoni nafasi kati yake. Namba ya ushanga inageuka kuwa x. Msogeo wa ushanga, q, unageuka kuwa φ(x). Basi. Hiyo ndiyo sentensi iliyokukosesha usingizi. x wa nadharia ya uga si yule x uliyemzoea. Ni mjukuu wa namba ya ushanga, kwa bahati mbaya amepewa jina la mtu mwingine. Wanafizikia wana uvivu wa herufi, tuwasamehe.

Wala usidhani shanga ni kitu cha kubembelezea wanafunzi. Mwaka 1926 Born, Heisenberg na Jordan walichapisha makala ambamo walichukua kamba inayotetemeka, wakaivunja katika mitindo yake, na kila mtindo wakaufanyia kwantamu kama osileta. Mlango wa nyumba hii ni ule ule tangu mwanzo.

Tazama pia kilichotokea kwa n. Katika osileta moja, n ilikuwa ngazi ya nishati. Katika shanga nyingi, mtindo wenye frikwensi ω ukiwa kwenye ngazi ya tatu, tunasema kuna fononi tatu, yaani chembe tatu za mtetemo, za aina hiyo. Mtindo ukipanda ngazi moja, imeongezeka fononi moja. Zile opereta za kupanda na kushuka ngazi, a† na a, ulizokariri kwa ajili ya mtihani, zimekuwa opereta za kuumba chembe na kuifuta. Hakuna hesabu mpya hapo. Ni hesabu ile ile inasomwa kwa macho mengine. Ukifanya hivyo kwa uga wa sumakuumeme badala ya shanga, zile ngazi ni fotoni.

Na funksheni ya wimbi? Haijapotea. Imekuwa mtoto mmoja katika familia kubwa. Pale ambapo idadi ya chembe haibadiliki na mwendo ni wa taratibu ukilinganisha na mwanga, nadharia ya uga inakurudishia mlinganyo wa Schrödinger kama ulivyouacha. Lakini pale idadi inapobadilika, funksheni ya chembe moja haina pa kuandika kilichoongezeka.

Nikupe mfano ambao uko kwenye daftari lako lililojaa. Ulitatua hidrojeni. Hali ya 2p, iliyoko ngazi ya pili ya nishati, ni hali tulivu ya Hamiltoniani, yaani opereta ya nishati: muda unapita, hali inazungusha awamu tu, hakuna kinachobadilika. Kwa mujibu wa hesabu yako, atomu ikiwekwa 2p itakaa 2p milele. Atomu halisi haikai hata nanosekunde mbili. Kwa wastani hudumu kama nanosekunde 1.6 kisha hushuka hadi 1s, ngazi ya chini kabisa, na kutoa fotoni. Mwalimu wako alikwambia "elektroni inashuka na kutoa fotoni", nawe ukaandika. Hukumwuliza: hiyo fotoni ilikuwa wapi katika mlinganyo? Haikuwepo. Dirac alilijibu hilo mwaka 1927 kwa kuufanyia uga wa sumakuumeme kwantamu, na atomu ikapata njia ya kushuka hata gizani, pasipo nuru ya kuisukuma. Kwa hiyo nadharia ya uga si ghorofa ya juu inayojengwa juu ya kwantamu kwa ajili ya mapambo. Inaziba tundu lililokuwa sakafuni ukalifunika kwa zulia.

Tundu la pili ni la nishati. Ukiibana elektroni ndani ya nafasi ndogo, momentamu yake inatawanyika. Ukiibana hadi karibu ħ/mc, ambayo kwa elektroni ni kama 3.9 × 10⁻¹³ za mita, mtawanyiko wa nishati unafikia kiwango cha mc² yenyewe, na umeanza kukaribia bei ya kuumba elektroni na positroni yake, yaani pacha wake mwenye chaji chanya: MeV 1.022 (MeV ni kizio cha nishati). Ukifika huko swali "chembe yangu iko wapi hasa?" halina maana tena, kwa sababu huna uhakika ni chembe ngapi unazo. Mlinganyo wa Dirac wa 1928 ulileta hizo nishati hasi zilizowasumbua wote, na mwaka 1932 Carl Anderson akaiona positroni katika miale ya angani. Kama unatafuta sababu moja ya kuacha funksheni ya chembe moja, ni hii.

Haya, orodha yako.

Kaka yako hakukudanganya, alikupa tu ramani ya mji mzima ulipouliza njia ya kwenda stendi. Topolojia inahitajika, siku utakapokutana na mambo kama inistantoni. Jiometri diferenshali itakufaa utakapotaka kuziona nyuga za geji kwa jicho la wanahisabati. Uchambuzi wa funksheni ni wa wale wanaotaka kuthibitisha kwamba vitu hivi vipo kihisabati, kazi ngumu ambayo kwa nadharia zinazotumika maabara bado haijakamilika. Kama ungesubiri uthibitisho huo ndipo uanze, ungesubiri pamoja na wao. Nadharia ya makundi unaijua zaidi ya unavyodhani: kila ulipojumlisha spini mbili za nusu ukapata hali tatu na moja, ulikuwa ndani ya SU(2) bila kubisha hodi. Utakapofika kwenye spina, vitu vinavyoeleza chembe zenye spini nusu, utajifunza kundi la Lorentz kwa siku tatu nne, ukiwa na sababu ya kulijifunza.

Heisenberg mwenyewe mwaka 1925 aliandika majedwali yake ya namba bila kujua kwamba wanahisabati walishayapa jina la matriksi. Born ndiye aliyeyatambua. Sisemi ujinga ni sifa. Nasema hakusubiri.

Hisabati unayoihitaji kuanzia ni fupi, na naogopa itakuudhi kwa jinsi ilivyo ya kawaida: badiliko la Fourier hadi mkono uzoee wenyewe pa kuweka 2π, funksheni ya delta, integrali katika namba changamano kwa njia ya masalio, integrali za Gauss, na kuandika kwa faharasa za juu na chini bila kuzipoteza. Nusu ya machozi ya wiki za mwanzo yanatokana na faharasa na alama za kutoa. Vitabu vingine huandika p² = E² − 𝐩², vingine hugeuza alama zote. Chagua upande mmoja, uandike kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada, na kila ukifungua kitabu kingine tazama kwanza yeye ni wa upande gani.

Sasa nije kwenye ule mstari uliogeuka sehemu, na kiraka chake.

Kuna zoezi la kwantamu ambalo nashuku ulisoma jibu lake. Chembe inagonga kani yenye potenshali ya e^(−μr)/r, na unaulizwa ukubwa wa mtawanyiko kwa makadirio ya Born ya hatua ya kwanza. Unachukua badiliko la Fourier la potenshali, unapata kitu chenye umbo la 1/(q² + μ²), ambapo q ni momentamu iliyohamishwa. Umeona? Huo ndio mstari wako. Potenshali hiyo ni ya Yukawa, aliyependekeza mwaka 1935 kwamba kani ndani ya kiini cha atomu hubebwa na chembe yenye tungamo, na μ ndiyo tungamo lenyewe, ukipima kwa vizio ambavyo ħ na c ni 1. Michoro ya Feynman inasema jambo lile lile kwa namna inayoheshimu uhusianifu: badala ya momentamu peke yake unaweka nishati na momentamu pamoja, alama zinageuka, unapata p² − m². Kama ungefanya zoezi hilo kwa mkono wako, ungefika kwenye mchoro wa kwanza ukasema, "Huyu nimeshamwona mahali."

Kiraka, iε, nacho kina historia ndani ya osileta. Chukua osileta ya kawaida, igonge mara moja kwa nyundo wakati t = 0, uliza inajibuje. Ukitumia Fourier, jibu lina 1/(ω² − ν²) ndani ya integrali ya ν, na integrali inapita juu kabisa ya mashimo mawili, pale chini ya sehemu panapokuwa sifuri: ν = ω na ν = −ω. Haiwezi kupita. Lazima ulikwepe kila shimo kwa juu au kwa chini. Na kila namna ya kukwepa inakupa jibu tofauti: moja linasema osileta ilitulia kabla ya nyundo, jingine linasema itatulia baada yake. Hisabati haikuchagulii, wewe ndiye unayejua unauliza nini. Kile kijidudu ε ni alama tu ya kukumbusha umepita upande gani. Chaguo la Feynman linakwepa shimo moja kwa juu na jingine kwa chini, na maana yake utaiona utakapofika. Lakini fanya kwanza la nyundo. Ni kurasa mbili.

Nikiwa hapo hapo kwenye mazoezi, kuna moja ningekufungia chumbani mpaka ulimalize. Funga kitabu. Ukiwa na [a, a†] = 1 peke yake, tafuta wastani wa x⁴ katika hali ya chini kabisa ya osileta. Wastani wa x² ni ħ/2mω. Wastani wa x⁴ si mraba wa huo. Ni mara tatu ya mraba wake. Tatu imetoka wapi? Ukifuata a na a† kwa uvumilivu utaona: x nne zinaweza kugawanywa jozi jozi kwa njia tatu. x sita zina njia 15, nane zina 105. Hesabu hiyo ya jozi ndiyo kanuni ya Wick, na kila jozi ni mstari katika mchoro wa Feynman.

Ukishaonja hilo, jaribu nadharia ya uga isiyo na nafasi wala wakati. Integrali moja tu: e^(−x²/2 − λx⁴/24), kutoka mwisho hadi mwisho wa mstari wa namba, ukigawa na ile isiyo na λ. Fungua λ kama mfululizo. Utapata 1 − λ/8 + 35λ²/384 na kuendelea. Hiyo 1/8 inakuja tena darasani, katika mchoro wenye umbo la namba nane, ikiitwa kigezo cha ulinganifu, na wenzako watailalamikia muhula mzima. Wewe utakuwa umeipata kwa integrali ya Gauss. Halafu jiulize nini kinatokea λ ikiwa hasi, hata kwa kiasi kidogo sana: integrali inalipuka. Maana yake mfululizo wako, uliokuwa unatoa majibu mazuri kwa hatua za mwanzo, hauwezi kukusanyika mahali pamoja hata ukiongeza hatua milele. Dyson aliona jambo la aina hii mwaka 1952 kwa umemenguvu wa kwantamu, nadharia ya uga ya elektroni na mwanga. Mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa, na nikakasirika kwamba hakuna aliyeniambia mapema.

Sasa kifua. Lagrange na uhusianifu.

C yako hainitishi, kusahau ndiko kunanitisha, kwa sababu nadharia ya uga huanza kila sura kwa kuandika Lagranjiani, yaani nishati ya mwendo ukitoa nishati iliyohifadhiwa, na kukuachia wewe uone kilichomo. Rudi kwenye zile shanga, safari hii uziandike kwa Lagrange. Sogeza shanga mpaka ziwe kamba, jumla igeuke integrali, upate mlinganyo wa wimbi. Ongeza springi ndogo inayovuta kila ushanga kurudi mahali pake, na mlinganyo utakaotoka una umbo la ule wa Klein na Gordon wa 1926. Hiyo springi ya ziada ndiyo tungamo la chembe. Binafsi hapo ndipo somo lilipoacha kunitisha: tungamo ni ugumu wa springi. Kisha jifunze kanuni ya Noether, aliyoichapisha mwaka 1918, kwa kuifanyia kazi: sogeza wakati uone nishati inavyohifadhika, zungusha awamu ya uga changamano uone chaji inavyohifadhika. Mwisho anza na Lagranjiani ya sumakuumeme uitoe milinganyo ya Maxwell, kwa faharasa, bila kuchungulia.

Uhusianifu unataka juma moja la kweli, si zile wiki mbili za saa zinazochelewa na mapacha wanaosafiri. Vekta za pande nne, E² = p²c² + m²c⁴, migongano ya chembe. Halafu zoea vizio ambavyo ħ na c zote ni 1. Wengi huvionea kinyaa mwanzoni, lakini ukikumbuka tu kwamba ħc ni kama 197, kwa kizio cha MeV mara femtomita, unaweza kurudi nyumbani wakati wowote. Jaribu: chembe ya pioni ina karibu MeV 140. Gawa 197 kwa 140, unapata femtomita 1.4, umbali unaofikiwa na kani ya Yukawa.

Dada yako wa "ruka tu" ana nusu ya ukweli. Tofauti yangu naye ni miezi miwili. Mwezi wa kwanza: Lagrange, uhusianifu, shanga. Wa pili: jozi za osileta, nyundo, mtawanyiko wa Born, na nadharia ya usumbufu unaobadilika kwa wakati hadi hatua ya pili, kwa sababu yale yanayoitwa picha ya mwingiliano yanaanzia huko na huwezi kuyakwepa. Mwezi wa tatu fungua kitabu cha uga, ukiwa na hofu au bila hofu, anza ukurasa wa 1. Tafuta viwili: kimoja kinachokwenda polepole kwa kuchora na kukokotoa, kingine kinachoanzia kwenye integrali ya njia, yaani kujumlisha njia zote ambazo mfumo ungeweza kupita. Kimoja kikikunyima, nenda kwa mwenzake. Ukienda kurasa kumi kwa juma ukiwa umezifanya kwa mkono, unakwenda vizuri. Kurasa hamsini kwa juma maana yake umerudia tabia ile ya kusoma habari za mechi.

Utakutana na namba zisizo na kikomo mapema, na usikimbie. Ya kwanza utaitengeneza mwenyewe: jumla ya ½ħω ya kila mtindo. Shanga zikiwa na nafasi kati yake, jumla ina mwisho. Ukizibana mpaka hakuna nafasi, jumla haina mwisho. Kwa hiyo ukomo huo ulitoka kwenye dai lako kwamba unajua kinachotokea kwenye umbali mdogo bila mpaka. Mwaka 1947 Lamb na Retherford walipima tofauti ndogo kati ya ngazi mbili za hidrojeni ambazo mlinganyo wa Dirac ulisema ziko sawa, kama megahezi 1,000 hivi, na mwaka huo huo Bethe akaikokotoa kwa kukata hesabu kwenye nishati ya mc² na kutoa kile kisichopimika. Mwaka uliofuata Schwinger akapata kwamba usumaku wa elektroni unazidi wa Dirac kwa sehemu ya α/2π, karibu 0.00116 (α ni namba inayopima nguvu ya kani ya sumakuumeme), na vipimo vikakubali. Maana ya kukata huko ilieleweka vizuri baadaye zaidi, na Kenneth Wilson alipewa Nobel mwaka 1982 kwa kazi iliyotoka kwenye mambo ya maji yanayochemka na sumaku zinazopoteza nguvu. Wewe sasa hivi unahitaji kujua tu kwamba shanga zina nafasi kati yake.

Kuhusu kichwa chako: mtu aliyesimama kwenye sentensi moja ya ukurasa wa 17 akakataa kuivuka bila kuielewa, kichwa chake kiko sawa. Wengi huivuka.

Orodha ikunje uiweke ndani ya kitabu, itakufaa baada ya miaka miwili. Leo usiku fanya shanga tatu kati ya kuta mbili. Nimekupa majibu ya mbili, ya tatu sikupi. Nitumie ω² zake zote tatu pamoja na mchoro wa jinsi shanga zinavyokwenda katika kila mtindo. Kuna mtindo mmoja ambamo ushanga wa katikati hausogei kabisa. Niambie ni upi, na kwa nini.